Chupa ya Soda ya Babu: Hivi ni ya Mwaka Gani?

Wadau, kuna familia moja hapa mjini nusura ivunjike kwa sababu ya chupa tupu ya Coca-Cola. Siyo utani. Chupa ilikuwa ya marehemu babu yao, askari wa zamani wa KAR, na miaka yote ilikaa juu ya kabati ikiwa imechomekwa maua ya plastiki. Mzee alikuwa akisema alipewa na askari mweusi wa Kimarekani kule India wakati wa vita, soda ikiwa ndani, na kwamba ndiyo siku ya kwanza kunywa kitu kinachouma ulimi bila kuwa na pilipili. Watoto wake walikuwa wanacheka tu. Stori hiyo waliiweka fungu moja na ile ya kumfukuza simba kwa fimbo.

Sasa mjukuu mmoja, mtu wa kuperuzi usiku kucha, akakutana na habari ya kweli kabisa: mwaka 2011 chupa ya Coca-Cola ya mwaka 1915 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 240,000. Akapiga picha chupa ya babu, akairusha kwenye grupu la ukoo. Moto ukawaka. Baba mkubwa akasema mali ya mzee ni ya mtoto wa kwanza, yaani yeye. Shangazi, aliyemuuguza mzee hadi dakika ya mwisho, akajibu neno moja: thubutu! Kijana akaona isiwe tabu, akajifungia chumbani na chupa, tochi ya simu na lenzi ya kukuzia, aijue umri wake kwanza.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1915 Coca-Cola walikuwa wamechoka kuigwa. Wakataka chupa ambayo mtu ataitambua kwa kuipapasa gizani, au hata akikuta vipande vyake chini. Kiwanda cha Root Glass, mji wa Terre Haute, Indiana, kikaja na umbo lililotokana na picha ya tunda la kakao, japo kwenye Coca-Cola hakuna kakao hata chembe. Mfano wa kwanza ulikuwa na tumbo pana kuliko kitako, ukawa unayumba kwenye mitambo. Ikabidi wapunguze kitambi kabla ya kuzitengeneza kwa wingi. Ile iliyouzwa kwa mamilioni ni moja ya mifano hiyo yenye kitambi, na iliyobaki duniani ni ya kuhesabu kwa vidole. Chupa ya babu ilikuwa na kiuno safi kama chupa yoyote uliyowahi kuiona. Kwa hiyo zile dola 240,000 zilikufa dakika tano za kwanza, bila hata lenzi.

Lenzi ilihitajika kwenye maandishi. Na hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Chupa za mwanzo za umbo hilo zina tarehe ya 16 Novemba 1915. Zilizofuata zina 25 Desemba 1923, ndiyo maana wakusanyaji huziita chupa za Krismasi. Lakini hizo ni tarehe za hataza, ile haki ya mbunifu kulinda kazi yake. Siyo siku chupa iliyotoka tanuruni! Chupa ya Krismasi iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1930, na bado kila siku kuna muuzaji mtandaoni anainadi kama "ya mwaka 1923". Wengine hawajui. Wengine wanajua sana.

Ya babu haikuwa na tarehe kabisa. Ilikuwa na D-105529, namba ya hataza ya mwaka 1937, ambayo ilipigwa kwenye chupa kuanzia 1938 hadi 1951. Baba mkubwa alipoambiwa, akauliza kama haiwezekani "kurekebisha kidogo maelezo" kwa mteja. Kijana akajibu, "Baba mkubwa, shikamoo, lakini huyo mteja naye ana macho."

Kwa chupa za zamani zaidi, njia ni nyingine. Ukiokota chupa nzee ufukweni au kwenye msingi wa nyumba iliyobomolewa, anza na mshono. Pitisha kucha ubavuni kupanda juu. Mshono ukiishia shingoni, chini ya mdomo, maana yake mdomo ulimaliziwa na fundi kwa mkono. Ukipanda hadi juu kabisa ya mdomo, hiyo ni kazi ya mashine, na mashine ya kwanza ya kufanya kila kitu yenyewe, ya Michael Owens, ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kizibo cha bati chenye meno unachokifungua leo ni cha William Painter wa Baltimore, 1892. Ukikuta chupa ya soda yenye gololi imenasa shingoni, hiyo ni kazi ya Mwingereza Hiram Codd, 1872: gesi ya soda yenyewe ndiyo iliyokuwa inaisukuma gololi kuziba mdomo. Nzima ni adimu kwa sababu watoto walikuwa wanazivunja wapate gololi za kuchezea. India na Japani mtindo huo upo hadi leo.

Halafu kuna rangi. Glasi ya zamani iliyotiwa manganizi ikikaa juani miaka mingi inageuka zambarau. Inavutia kweli, ndiyo maana kuna wajanja wanazipiga mionzi ili ziive haraka na bei ipande. Zambarau iliyokolea kupita kiasi, mimi sigusi.

Turudi chumbani. Ubavuni mwa chupa ya babu, karibu na kiuno, kulikuwa na alama ya kiwanda na namba ndogo pembeni yake. Namba ya mwaka ilikuwa 43.

Kijana aliniambia alikaa kimya muda mrefu. Mwaka 1943 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ikijiandaa. Mwaka 1944 ikapigana Burma, bonde la Kabaw, kwenye mvua na malaria, hadi mto Chindwin. Baadaye askari wake wakapelekwa India. Na India wakati huo Wamarekani walikuwa tele, wakijenga barabara ya Ledo, sehemu kubwa yao wakiwa weusi. Coca-Cola nao walishatangaza kwamba kila askari wa Marekani atapata chupa kwa senti 5 popote alipo. Yaani kila kipande cha stori ya babu kina mahali pa kukaa.

Sasa usikimbilie kupiga vigelegele. Namba 43 ni mwaka wa chupa kuzaliwa, siyo mwaka wa babu kunywa. Wewe mwenyewe unajua ukinywa soda dukani unaacha chupa, inarudi kwenye kreti, inaoshwa, inajazwa tena, miaka na miaka. Chupa ya babu ina mikwaruzo meupe kuzunguka tumbo na kitako, dalili kwamba ilishazunguka hivyo mara nyingi. Ingeweza kufika bandarini na baharia mwaka 1950, mzee akainunua kwa shilingi. Chupa haiwezi kukataa hilo. Ila vilevile haimkatai babu, na ingekuwa ya 1948, ingemkataa.

Kijana aliyaandika yote kwenye grupu, pamoja na bei: chupa za aina hiyo zilitengenezwa kwa mamilioni, utapata hela ya chipsi mayai na chenji. Baba mkubwa akasoma, tiki mbili za bluu, hakujibu. Kesho yake akapiga simu, hakuulizia hela. Aliulizia kama kwenye hati ya mzee ya kuachishwa jeshi imeandikwa India.

Hati inatafutwa. Shangazi kaichukua chupa, kaiosha, na yale maua ya plastiki kayatupa.