Barabara ya viwanja iliyoacha msitu

Magari ya watu hayapiti tena Leif Erikson Drive. Barabara hii ya changarawe, yenye urefu wa kilomita 18 hivi, inazunguka kwenye vilima vya Portland, jimbo la Oregon, Marekani, ndani ya hifadhi ya Forest Park. Leo ni ya wakimbiaji, wapanda baiskeli na wazazi wanaosukuma vigari vya watoto. Walioichonga walikuwa na nia nyingine: kuugeuza msitu kuwa mtaa.

Mwaka 1903, mbunifu wa bustani John Charles Olmsted aliushauri mji uvinunue vilima hivyo viwe hifadhi ya wananchi. Mji haukununua. Wafanyabiashara wa ardhi wakapima viwanja, na mwaka 1914 ukaanza ujenzi wa barabara ya kuvifikia, wakati huo ikiitwa Hillside Drive. Ilikamilika mwaka uliofuata, gharama zikiwa zimepita makadirio.

Mvua za majira ya baridi zikafanya yake. Sehemu kubwa ya udongo wa vilima hivyo ni vumbi laini lililoletwa na upepo enzi za kale, likatua juu ya mwamba wa volkano. Likishiba maji, huteleza. Muda si mrefu maporomoko yakaifunga sehemu ya barabara. Wenye viwanja, waliotozwa gharama za ujenzi, wakajikuta wanadaiwa kwa ardhi isiyojengeka. Wengi waliacha kulipa, na viwanja vyao vikaangukia mikononi mwa mji. Vingine vikachukuliwa na serikali ya kaunti kwa kodi zisizolipwa.

Jina la sasa lilitolewa mwaka 1933 kwa ombi la chama cha Wamarekani wenye asili ya Norway, kumuenzi baharia aliyefika Amerika Kaskazini karne tano kabla ya Columbus.

Miaka ya 1940, wananchi wakiongozwa na mtaalamu wa misitu Thornton Munger walishinikiza vipande hivyo viunganishwe. Hifadhi ikazinduliwa mwaka 1948. Sasa ina zaidi ya ekari 5,000. Miti yake mingi si ya tangu kale: msitu ulikwisha kukatwa, ukaota upya kwa kuwa nyumba hazikujengwa. Ardhi ambayo mji haukuinunua kwa ushauri wa Olmsted, uliipata kwa madeni ya wenye viwanja.