Mtambo Uliozimika na Fomu Zilizobaki

Asiyejua yaliyotukia Nakuru na Naivasha mwezi wa Januari 2008 hawezi kufahamu kwa nini, miaka mitano baadaye, kuzimika kwa mtambo wa kompyuta mjini Nairobi kuliwatia watu wa Bonde la Ufa hofu kubwa. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipobishaniwa, jirani alimwinulia jirani panga, nyumba zikachomwa, na kote nchini watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza jambo hilo iliona kuwa hesabu za kura zilivurugika njiani, ikashauri matokeo yapelekwe kwa kompyuta.

Njia hiyo ilitumiwa katika kura ya katiba ya tarehe 4 Agosti 2010, ikafaulu. Lakini siku ile swali lilikuwa moja, na jibu ni ndiyo au la. Tarehe 4 Machi 2013 kila mpiga kura alipewa karatasi sita, na mtambo mpya, ambao haukujaribiwa vya kutosha, ukatwikwa mzigo mzito kuliko ule wa kwanza. Simu nyingi za wasimamizi wa vituo zikashindwa kuifikia seva. Matokeo yakaja kwa kusuasua, kisha yakakoma.

Kosa jingine lilikuwa la hatari zaidi kwa kuwa halikuonekana upesi. Kura zilizoharibika zilionyeshwa kuwa zaidi ya 300,000. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Isaack Hassan, alieleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi walidhani ni hila.

Ni nini basi kilichofichua kosa hilo? Ni karatasi. Katika kila kituo hesabu ziliandikwa kwenye fomu na kutiwa sahihi. Wasimamizi wa majimbo wakaitwa Bomas, Nairobi, wakiwa na fomu zao mkononi, na hesabu ikaanza upya. Kura zilizoharibika zikaonekana kuwa karibu 109,000. Matokeo yalitangazwa tarehe 9 Machi. Waliopinga wakaenda Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi tarehe 30 Machi. Nakuru na Naivasha hazikurudia ya 2008.

Somo hilo halikushikwa mara moja. Mwaka 2017 Mahakama iliamuru seva za Tume zikaguliwe. Amri haikutimizwa ipasavyo, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukabatilishwa. Mwaka 2022 picha za fomu za vituo ziliwekwa wazi katika intaneti, ili kila raia ajijumlishie mwenyewe.

Msomaji kijana, huenda kesho ukawa fundi wa mitambo ya namna hiyo. Usidhani kwamba kilicho kipya hakiharibiki. Kijaribu kwa mzigo wake kamili kabla ya siku yake, wala usitupe daftari la zamani. Maana siku mtambo utakaponyamaza, daftari hilo ndilo shahidi, na watu wasio na shahidi hurudia haraka kuinuliana panga.