Oman: Waliobadili jinsia, liwali na mlango wa hospitali

Katika mikoa ya Sharqiya na Dakhiliya nchini Oman, mtu anayejitambua kwa jinsia isiyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa hana ofisi ya serikali za mitaa ya kuiendea kudai haki yake. Viongozi wa Ibra, Sur au Nizwa hata wangetaka kumsaidia, mamlaka yenyewe hayako mikononi mwao.

Majina ya miji hii si mageni Afrika Mashariki. Kutoka Ibra walitoka akina Harthi na akina Barwani waliohamia Unguja na kwingineko, na majahazi ya Sur yaliendelea kuja na pepo za kaskazi hadi karne ya 20. Nizwa kwa vipindi virefu ulikuwa mji wa Maimamu wa Kiibadhi. Mwaka 2011 Sharqiya iligawanywa mikoa miwili: Kaskazini, yenye makao makuu Ibra, na Kusini, yenye makao makuu Sur. Nizwa ni makao makuu ya Dakhiliya.

Kila wilaya ina liwali wake, cheo ambacho wazee wa pwani yetu wanakikumbuka vyema, naye huteuliwa na serikali. Wajumbe wa mabaraza ya manispaa walichaguliwa nchi nzima kwa mara ya kwanza Desemba 2012, na uchaguzi wa tatu ulifanyika Desemba 2022. Sheria ya mikoa ya mwaka huo iliwaongezea magavana uwezo katika miradi na matumizi. Hata hivyo baraza la manispaa hutoa maoni na mapendekezo kuhusu mambo kama barabara, masoko na usafi. Haliwezi kutunga sheria ya haki za raia, wala kuiamuru hospitali imtibu nani na kwa namna gani. Hospitali za Ibra, Sur na Nizwa ziko chini ya Wizara ya Afya iliyoko Maskati.

Polisi nao ni chombo cha taifa, na hapa ndipo penye fundo. Polisi ya Kifalme ya Oman ndiyo inayotoa vitambulisho vya raia. Oman haina utaratibu wa kisheria wa kumwezesha mtu aliyebadili jinsia kurekebisha kitambulisho chake. Kwa hiyo anayetaka karatasi zake zilingane na sura yake atabisha mlango wa chombo kile kile chenye kazi ya kumkamata.

Kifungu cha 266

Kumkamata kwa kosa gani? Sheria ya Makosa ya Jinai iliyotangazwa kwa amri ya Sultani namba 7 ya mwaka 2018 inasema katika kifungu cha 266 kwamba mwanamume anayejitokeza akiwa amevaa mavazi ya kike anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi mwaka mmoja, kutozwa faini ya rial 100 hadi 300, au kupewa adhabu zote mbili. Kifungu cha 261 kinaadhibu mapenzi ya watu wa jinsia moja kwa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 3. Vifungu hivi viwili huchanganywa mara nyingi, lakini tofauti yake ni kubwa: kile cha 266 hakihitaji kitendo chochote cha faragha, nguo inatosha kuwa kosa.

Katazo hilo la nguo si jipya. Mwanaanthropolojia kutoka Norway, Unni Wikan, aliyefanya utafiti Sohar katika miaka ya 1970, aliandika mwaka 1977 juu ya watu waliokuwa wakiitwa khanith. Kwa makadirio yake walikuwa kama 60 katika mji wenye wanaume wazima wapatao 3,000. Walivaa kanzu kama wanaume, lakini ya rangi na iliyobana kiunoni. Nywele zao hazikuwa fupi za kiume wala ndefu za kike. Waliketi na wanawake waliofunua nyuso zao, wakaimba nao harusini. Ila majina yao yalibaki ya kiume, mbele ya sheria walihesabiwa wanaume, na aliyethubutu kuvaa nguo za kike hasa aliadhibiwa. Gill Shepherd, aliyekuwa ameifanyia utafiti Mombasa, alimpinga Wikan mwaka 1978 katika jarida lile lile, akikataa kwamba hao walikuwa jinsia ya tatu.

Sohar haiko Sharqiya wala Dakhiliya, na si halali kuubeba utafiti wa mji mmoja na kuutwika nchi nzima. Lakini unaonyesha kwamba watu hawa hawakuletwa na televisheni za kigeni, kama inavyodaiwa mara nyingi. Hata Kiswahili chetu kinashuhudia: neno “hanithi” lina asili hiyo hiyo ya Kiarabu, ingawa kwetu limeelemea zaidi maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume.

Zahanati ya mtaani

Kwa raia wa Oman matibabu ya serikali ni karibu ya bure, na mafanikio yake hayana ubishi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Oman kuwa imetokomeza maambukizi ya virusi vya ukimwi na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, nchi ya kwanza katika kanda yake. Basi uwezo upo.

Mgonjwa huanzia kituo cha afya cha wilaya yake, hupelekwa hospitali ya mkoa, na likimshinda daktari wa huko, Maskati. Kila hatua huanza na kitambulisho chenye jina na jinsia, na wanaume na wanawake husubiri sehemu tofauti. Katika mji kama Ibra, karani wa mapokezi huenda akawa binamu. Mtu wa namna hii anaweza kuikimbia hospitali hata kwa homa au kisukari, maradhi yasiyohusiana kabisa na jinsia yake.

Waomani wengi husafiri India na Thailand kutibiwa. Mwenye fedha anaweza kufanyiwa huko upasuaji wa kubadili jinsia, lakini atarudi na pasipoti isiyomtambua.

Wanazuoni wa Kiislamu tangu zamani wamemtenga khuntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyo bayana, na mwanamume anayejifananisha na wanawake. Falme za Kiarabu ziliiga mgawanyo huo katika sheria ya mwaka 2016: kurekebisha jinsia ya khuntha kuliruhusiwa, kubadili jinsia kukakatazwa. Kuwait, iliyoongeza mwaka 2007 kosa la kujifananisha na jinsia nyingine, iliona Mahakama yake ya Katiba ikilifuta Februari 2022.

Kwetu je? Nchini Kenya kaunti zimekuwa zikiendesha hospitali tangu 2013, lakini haki hazikutoka kwa magavana. Ni Mahakama Kuu iliyoamuru mwaka 2014 kwamba mwanaharakati Audrey Mbugua apewe cheti kipya cha mtihani kisichotaja jinsia. Tanzania ilionyesha upande wa pili: mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga, na serikali kuu ikasema hayo yalikuwa maoni yake binafsi.

Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Oman wako katika hali ngumu zaidi. Ukaazi wao unamtegemea mwajiri na hutanguliwa na vipimo vya afya, na mgeni akikutwa na virusi vya ukimwi hunyimwa ukaazi. Mfanyakazi wa nyumbani huko Sur, au fundi wa Nizwa, akihukumiwa kwa kifungu cha 266, faini na kifungo ni sehemu tu ya hofu yake; kubwa zaidi ni kurudishwa nyumbani, kwa ndugu watakaouliza amefukuzwa kwa nini.