Gitaa la Nani?

Enzi za mkoloni, vijana wa Kinyakyusa kutoka Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa walikwenda kuchimba madini Copperbelt, Zambia ya leo, na Afrika Kusini. Walirudi na mablanketi, baiskeli, wengine na gitaa kavu. Hilo gitaa lilikuwa lake mwenyewe. Apige, asipige, shauri yake.

La umeme lina habari nyingine. Gibson ya Marekani ilipotoa ES-150 mwaka 1936, kwa umbo lilikuwa bado gitaa kavu: tumbo wazi, uso uliobinuka, matundu mawili kama ya fidla. Kilichoongezeka ni sumaku iliyozungushiwa waya, chini ya nyuzi. Kwa sumaku hiyo solo za Charlie Christian zilisikika katikati ya matarumbeta ya Benny Goodman.

Ila sumaku peke yake haiendi mbali. Inataka amplifaya, spika na umeme, yaani inataka tajiri. Kwetu tajiri mara nyingi alikuwa taasisi: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpiga gitaa akihama bendi (na wetu walihama kweli kweli), aliondoka na vidole vyake tu.