Reli Tatu, Jiji Moja: Historia ya Treni ya Mwakyembe

Treni ya mjini, yaani ile inayowachukua watu asubuhi kutoka pembezoni mwa jiji kwenda kazini na kuwarudisha jioni, ilianza rasmi jijini Dar es Salaam tarehe 29 Oktoba 2012, zaidi ya karne moja tangu reli ya kwanza ianze kujengwa kutoka jijini humo kuelekea bara. Wananchi waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, na jina hilo likashika kuliko lolote lililoandikwa kwenye nyaraka za serikali. Hata hivyo, ukiondoa ratiba, kilichokuwa kipya katika treni hiyo kilikuwa kidogo sana, kwa kuwa vichwa na mabehewa yalikuwa ya safari za mbali yaliyofufuliwa karakanani, nazo njia zilikuwa zimetandikwa na watu waliokuwa wakifikiria mambo mengine kabisa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na shabaha yake ilikuwa kuunganisha bandari na mazao ya bara, si kumfikisha karani ofisini. Geji yake, yaani nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili vya njia, ni milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba kati ya mwaka 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ipate mlango wa bahari usiopitia nchi zilizotawaliwa na walowezi, ilipewa geji ya milimita 1,067 inayotumika kusini mwa Afrika, kwa sababu mabehewa yake yalitarajiwa kuendelea na safari hadi huko. Tofauti ya milimita 67 haizidi upana wa vidole vinne, lakini inatosha kulizuia behewa la reli moja lisikanyage reli ya pili, ndiyo maana mizigo inayovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine huhamishwa kwa vifaa maalumu kule Kidatu. Kwa hiyo huduma ya mjini ilipoanza mwaka 2012 zilikuwa huduma mbili zisizoweza kuazimana hata behewa moja: ya Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na ya TAZARA kutoka stesheni yake kuu hadi Mwakanga.

Kabla ya hapo jiji lilikuwa limesafiri kwa matairi. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa mwaka 1974, na liliposhindwa kuukidhi umati wa abiria yakaibuka magari ya watu binafsi yaliyoitwa daladala, kutokana na nauli ya shilingi tano, yaani dala. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika mkoa huo, na foleni ya makutano ya Ubungo ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Wazo la kutumia reli zilizokuwapo lilikuwa la busara, na pengine lilichelewa kwa miaka ishirini.

Lakini mashirika yaliyopewa kazi hiyo yalikuwa dhaifu. Shirika la Reli Tanzania lilizaliwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, likagawiwa urithi wa vifaa vilivyozeeka, kisha mwaka 2007 uendeshaji wake ukakabidhiwa TRL, kampuni ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa, mkataba ambao haukudumu. Mafuriko yaliyoharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliongeza msiba juu ya msiba. Kila kichwa kilichopelekwa Ubungo, basi, kilikuwa kichwa ambacho kingeweza kuvuta mizigo ya kulipa deni.

Ugumu wenyewe unaeleweka vizuri zaidi mtu akitazama jinsi treni inavyofanya kazi. Behewa la safari ya Kigoma lina milango myembamba mwishoni mwake na ngazi za kupandia kutoka chini, kwa sababu abiria wake hupanda mara moja na kukaa saa nyingi; behewa la mjini huhitaji milango mipana inayolingana na jukwaa, ili watu mia moja washuke na mia wengine wapande pasipo dakika kadhaa kupotea. Treni inayovutwa na kichwa, ikifika mwisho wa njia, lazima kichwa kifunguliwe, kizunguke kupitia njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili, jambo ambalo treni yenye injini ndani ya mabehewa yake haihitaji, kwa kuwa dereva huhamia tu chumba cha upande mwingine. Zaidi ya hayo, njia ni moja: treni mbili zinazotoka pande tofauti haziwezi kupishana ila kwenye stesheni yenye njia ya pili, na treni ya mjini ikichelewa kidogo huigusa ya mizigo, nayo ya mizigo huigusa ya bara. Ndiyo sababu huduma ilijikusanya asubuhi na jioni, na mtu aliyemaliza shughuli zake saa sita mchana alirudi kwenye daladala.

Vituo navyo vina historia yake, ambayo majina yanaisimulia kuliko majengo. Ubungo Maziwa kilirithi jina la kiwanda cha maziwa. Upande wa TAZARA kuna Lumo Kigilagila, Kipunguni B na kile ambacho mwandishi wa riwaya asingeweza kukibuni vizuri zaidi, Kwa Fundi Umeme. Hayo ni majina ya mitaa iliyoota kando ya reli bila kungoja mpangaji wa miji, na vituo vyake vingi vilikuwa sehemu ya kusimama tu. Stesheni kuu ya TAZARA, kwa upande wake, ni jengo kubwa la fahari lililowekwa kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, mbali na katikati ya mji, hivyo abiria aliyetoka Mwakanga alishuka hapo na kulipa nauli ya pili ya basi.

Mwaka 2016 iliongezwa treni ya Pugu kwenye Reli ya Kati. Lilikuwa badiliko la maana kuliko lilivyotangazwa, kwa sababu Pugu ilikuwa inajaa watu waliofukuzwa na kodi za nyumba za mjini, na reli iliyokuwapo tangu enzi ya Wajerumani ilipita mlangoni pao.

Nairobi ilichukua njia nyingine. Mwaka 2020 Kenya ilinunua treni 11 za dizeli zenye injini ndani ya mabehewa, zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Majorca nchini Hispania, na wapo waliozicheka kuwa ni treni za mtumba. Kicheko hicho hakikuwa na haki sana: kisiwa hicho kina geji ya milimita 1,000, ileile ya reli ya zamani ya Kenya, na treni zilizotengenezwa kwa safari fupi, hata zikiwa zimezeeka, humfaa abiria wa mjini kuliko behewa la safari ya usiku kucha.

Dar es Salaam sasa ina reli ya tatu. Reli ya kisasa ya umeme, yenye geji ya milimita 1,435, ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na imejengewa stesheni Pugu. Imeanza, kama zile za kwanza, kwa kutazama bara. Upande wa TAZARA, makubaliano ya mwaka 2025 na kampuni ya China ya CCECC yanaahidi kuifufua njia hiyo kwa takriban dola bilioni 1.4 za Marekani, na kinachohesabiwa zaidi katika ahadi hiyo ni tani za shaba zitakazopita Kwa Fundi Umeme kuelekea bandarini.