Peirce Mill: kinu cha maji kilichofufuliwa zaidi ya mara moja

Kabla ya mashine za dizeli na umeme, watu wa nchi nyingi walisaga nafaka kwa nguvu ya mto. Mfano uliohifadhiwa ni Peirce Mill, kinu kilichojengwa na Isaac Peirce miaka ya 1820 kando ya kijito cha Rock Creek, Washington, Marekani.

Kinafanyaje kazi? Maji huzungusha gurudumu kubwa la mbao, nalo kupitia ekseli na meno huzungusha jiwe la juu. Jiwe la chini halisogei. Mahindi huingia kwenye tundu la katikati, husagika kati ya mawe hayo, na unga hutokea pembeni.

Mwaka 1897 ekseli kuu ilivunjika, biashara ikafa. Serikali ilikikarabati miaka ya 1930, kikasaga tena. Mwaka 1993 kikasimama kwa sababu mbao zilikuwa zimechakaa. Wananchi wakachanga fedha, na mwaka 2011 kikazunguka upya.

Tunaposema kuhifadhi kinu, basi, hatumaanishi kuta tu. Kuta za mawe huvumilia miaka. Mbao huoza, na ujuzi wa fundi hupotea usiporithishwa. Kama kijiji chenu kina kinu cha zamani, waulizeni mapema wazee waliokiendesha.