Uzito, Nyuzi na Kiungo: Meza ya Mbao Mbele ya Usanifu wa Kisasa

Meza inaposifiwa kuwa imechochewa na sanaa ya kisasa, ushahidi unaotolewa kwa kawaida ni wa sura: mistari iliyonyooka, rangi chache kali, mguu uliopinda. Makala haya yanadai kuwa sura ni kigezo dhaifu. Meza ya mbao hurithi sanaa na usanifu majengo pale mbunifu anapochukua kanuni iliyozaa umbo, yaani namna sehemu zinavyokutana na uzito unavyoshuka hadi sakafuni, kisha akaipima kanuni hiyo upya kwa tabia ya mbao. Kazi za Gerrit Rietveld, Isamu Noguchi na George Nakashima zitatumika kutetea dai hili.

Tabia yenyewe inajulikana kwa kila seremala. Mbao hufyonza na kutoa unyevu hata baada ya kukaushwa, na mabadiliko hayo hayalingani pande zote. Mjozi mweusi wa Amerika Kaskazini, ukitoka ubichi hadi ukavu kamili, husinyaa kwa takribani asilimia 7.8 kwa kufuata pete za ukuaji na asilimia 5.5 kuelekea kiini cha gogo, ilhali kwa urefu wa nyuzi haufikishi hata nusu ya asilimia moja. Kwa hesabu hiyo, uso wa meza wenye upana wa mita 1 unaweza kutanuka au kusinyaa kwa milimita 11 hivi unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4. Zege na chuma hutanuka pia, lakini havibagui upande. Anayenakili bamba la zege kwa mbao na kulibana kwa gundi kwenye fremu pande zote nne ameshaandaa ufa.

Rietveld alilijua hilo kabla ya kuwa msanifu majengo, kwa kuwa alikulia katika karakana ya baba yake, fundi samani wa Utrecht. Meza yake ndogo ya 1923 ina duara chini, mbao zilizosimama wima zikikutana kwa pembe, na ubao wa juu uliosogezwa pembeni badala ya kukaa katikati. Kila kipande kinabaki na kingo zake, hakimezwi na jirani yake. Hii ndiyo fikra ya De Stijl, kundi la wasanii lililojikusanya kuanzia 1917 kuzunguka jarida la Theo van Doesburg: nafasi hujengwa kwa bapa zinazopishana bila kufungiana. Mwaka uliofuata fikra hiyohiyo ilisimama kama nyumba ya Schröder, aliyoisanifu Rietveld. Mfuatano huo wa miaka una uzito katika hoja yetu, kwani unaonyesha kuwa samani haikusubiri jengo liitangulie. Hata hivyo, Rietveld aliifunika mbao kwa rangi. Muundo unasema wazi, mti wenyewe umenyamazishwa.

Noguchi alifika kwenye meza kutoka uchongaji. Mwaka 1927 alifanya kazi katika karakana ya mchongaji Constantin Brancusi mjini Paris. Meza yake ya sebuleni, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Herman Miller mwaka 1947, ina vipande viwili vya mbao vyenye umbo moja, kimoja kikiwa kimegeuzwa, vikiunganishwa kwa kigingi. Kioo kizito kimelazwa juu bila kufungwa. Ingawa ilizalishwa kiwandani, ina funzo kwa fundi wa mkono: mkunjo wa mguu unafanya kazi ya kubeba, na kwa kuwa kioo hakikubanwa, mbao iko huru kujongea. Hapa uzuri na busara ya ufundi vimetoka katika uamuzi mmoja.

Nakashima alisomea usanifu majengo, akafanya kazi Tokyo katika ofisi ya Antonin Raymond, kisha akasimamia ujenzi wa bweni la Golconde huko Pondicherry, India. Mwaka 1942, alipozuiliwa pamoja na Wamarekani wengine wenye asili ya Japani katika kambi ya Minidoka, Idaho, alijifunza useremala wa Kijapani kwa fundi Gentaro Hikogawa. Baadaye, huko New Hope, Pennsylvania, alijenga karakana yenye paa jembamba la zege, lililokunjwa kama gamba, lisilohitaji nguzo ndani. Meza zake hazifanani na paa hilo. Ni mbao nene zenye kingo za asili, na palipo na ufa amevusha vipande vya mti mgumu vyenye umbo la kipepeo ili usiendelee. Paa husimama kwa sababu mkunjo wake unafuata njia ya nguvu. Kipepeo kimewekwa pale nguvu zinapovutana. Kilichovuka kutoka jengo hadi meza ni kanuni hiyo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni plaiwudi. Tabaka zake hupishanishwa nyuzi, hivyo msinyao hudhibitiwa na mbunifu akapata uhuru mkubwa wa umbo, kama alivyofanya mbunifu Carlo Mollino wa Turin. Nakubali, ila pingamizi hili linathibitisha dai badala ya kulivunja: plaiwudi iliyopinda hushinda kwa sababu mbunifu ameanza na tabia ya malighafi.

Matokeo yake kwa ufundishaji ni ya moja kwa moja. Mchoro wa meza unaowasilishwa na mwanafunzi usipimwe kwa picha ya mbele pekee. Adaiwe mkato wa kila kiungo, mwelekeo wa nyuzi, na nafasi iliyoachwa kwa ajili ya msinyao, kwa mfano tundu refu la skrubu linaloruhusu uso wa meza kuteleza juu ya fremu. Meza iliyoundwa katika unyevu wa Dar es Salaam na kupelekwa Dodoma kwenye ukavu itaijaribu michoro hiyo bila kujali ilichochewa na msanii gani.